Mwaka Daraja Lilipotuitikia

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Rutabana, aliyekuwa Mwalimu Mkuu wangu, nyumbani kwake Kanazi. Nilitoka Biharamulo alfajiri, nikabadilisha gari Lusahunga katikati ya malori yanayoelekea Rusumo na akina mama wenye mabeseni ya mayai ya kuchemsha, nikafika maturubai yamekwisha kufungwa na padri ameshavaa. Mtoto wake wa kwanza, ambaye nilimwacha akiwa anacheza na gurudumu la baiskeli uani na sasa ana kitambi na miwani, alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri. Alitaja shule zote alizofundisha baba yake na nishani aliyopewa na wilaya. Kisha akasema, “Aliiongoza shule kwa hekima katika kipindi kigumu cha wakimbizi,” akafungua ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulianzia kwenye kustaafu. Tulipotoka makaburini tukapewa wali na maharage. Nilikaa na sahani mapajani mpaka ikapoa. Mwanamke aliyeketi kando yangu akanishika mkono akasema, “Pole mama, naona alikuwa kama baba kwako.” Nikamwambia asante. Ningemwambia nini kingine? Watu waliokuwapo mwaka ule wanaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na kimya chake, na mimi nimechoka kuwa na changu.

Nilikuwa kidato cha nne. Shule yetu ilikaa juu ya kilima, na chini yake ilipita barabara ya vumbi ambayo malori ya msaada yaliitumia mchana kutwa kupeleka mahindi Lukole, kwenye kambi ya Warundi. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuaga muhula wa kwanza haujaisha, akaenda kutunza ghala huko huko kambini. Hatukumlaumu. Wauguzi wa zahanati, madereva wa halmashauri, makarani, kila aliyejua Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya kwenye gunia alikuwa akiitwa kule. Sisi tulibaki na maabara: meza ndefu zenye madoa ya asidi, sinki lisilo na bomba, na madirisha yaliyopoteza vioo yakazibwa kwa turubai la msaada la rangi ya buluu, hivi kwamba nyuso zetu humo ndani zilikuwa na rangi ya watu waliozama. Vipindi vya fizikia tulinakili kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa, au tulilala. Niliketi na Domina, rafiki yangu tangu darasa la tatu. Domina alikuwa na sauti. Ndiye aliyekuwa akituimbisha kwenye mchakamchaka kila asubuhi. Yeye alianzisha, shule nzima ikaitikia, na miguu yote ikapiga chini pamoja. Mimi nilitaka uuguzi, na uuguzi ulitaka fizikia. Domina hakutaka kitu maalumu. Alitaka tu kuondoka Ngara, popote, alisema, penye lami.

Mwalimu Evaristi aliletwa na Mzee Rutabana mwenyewe, asubuhi moja ya mvua. Alikuwa Mrundi, mwembamba, amevaa koti la mtumba lililokuwa kubwa kwake mabegani, na alisimama mlangoni akipangusa viatu kwenye ngazi kwa muda mrefu, kana kwamba chumba kile kilikuwa na sakafu ya kuonea aibu matope. Mwalimu Mkuu akatuambia kuwa huyu alifundisha fizikia kwao, kwamba anaishi Lukole na familia yake, kwamba wilaya imempa kibali cha kutoka kambini siku za masomo, na kwamba tumheshimu. Kisha akatoka. Mwalimu Evaristi akatazama ubao uliopasuka, akatazama turubai, akatutazama sisi.

“Kiingereza changu ni kidogo,” alisema. “Kifaransa chenu ni kidogo. Tutakutana katikati.”

Katikati palikuwa Kiswahili, na Kiswahili chetu kikiishiwa, palikuwa nyumbani kabisa, kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chake ni watoto wa tumbo moja. Siku ile hakuandika chochote. Alitoa mfukoni uzi wa katani, akaufunga kwenye jiwe, akalining'iniza kwenye boriti ya dari, akalivuta pembeni na kuliachia. Jiwe likaenda, likarudi. Akatuuliza: tukiweka jiwe zito zaidi, litakwenda haraka zaidi au polepole? Darasa zima tukasema haraka. Akaongeza jiwe la pili. Mwendo ukawa ule ule. Mvulana mmoja nyuma akasema mwalimu amefanya ujanja, basi akamwita aje afunge jiwe mwenyewe, kubwa alitakalo, na yule mvulana akafunga jiwe kama kichwa cha mtoto, na mwendo ukawa ule ule. Ndipo Mwalimu akaurefusha uzi, na jiwe likaanza kusinzia, likienda na kurudi kama mtu asiye na haraka ya kufika. “Kila kitu kinachoning'inia,” alisema, “kina mwendo wake. Hakiulizi una nguvu gani. Kinafuata urefu wake.” Sijui kwa nini wakati ule macho yalinijaa machozi. Labda ni kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuingia kwenye chumba kile na kutuambia jambo la kweli tukaliona kwa macho.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote ni la kamba. Alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akaning'iniza mawe juu yake kwa nyuzi za urefu mbalimbali, fupi na ndefu, na mwishoni jiwe moja zito. Akalisukuma lile zito peke yake na kuturudisha nyuma tusiguse kitu. Mawe yote yakatikisika kidogo, yakababaika, yakatulia. Lakini moja tu katikati, lenye uzi wa urefu sawasawa na uzi wa lile zito, likaanza kucheza, mara ya kwanza kidogo, kisha zaidi, kisha likawa linapaa huku na huku utadhani kuna mkono unaolisukuma. Domina akanifinya paja. Mwalimu akaeleza kwamba kusukuma kitu kwa mwendo usio wake hakuzai kitu, hata ukisukuma kwa nguvu. Ila ukikisukuma kwa mwendo wake chenyewe, hata kidole kinatosha, kwa sababu kila msukumo unaukuta ule uliotangulia na kujumlika nao. Kwa Kifaransa alikuwa na neno. Kitabu chetu kilikuwa na neno la Kiingereza linalofanana nalo. Alitaka la kwetu.

“Tuseme kutikisika?” aliuliza mmoja.

“Hapana. Yote yametikisika. Hili limefanya nini?”

“Limeitikia,” alisema Domina. “Kama wimbo. Moja limeanzisha, mwenzake akaitikia.”

Mwalimu Evaristi akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUITIKIA. Chini yake akapiga mistari miwili. Domina aliinamisha kichwa kwa haya, lakini siku nzima ile alitembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Njia ya kambini ilipita karibu na kwetu, na mvua ikimkuta Mwalimu alikuwa akijikinga kwenye kibaraza chetu. Mama alimwita ndani, akampa ndizi na maharage yaliyotiwa mafuta ya mawese, naye alikula polepole akisifu kila kitu, na kila mara aliacha nusu akiomba jani la mgomba amfungie mke wake na bintiye. Mama akawa anapika nyingi zaidi siku za mvua. Alipokwisha kuondoka ndipo niliposikia mambo mengine, kupitia ukuta wa matete uliotenganisha jiko na sebule, kutoka kwa majirani waliokuja kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kuni zimekwisha kilimani kwa sababu yao. Fulani amenyang'anywa baiskeli njia ya Lusahunga, wezi walisema Kirundi. “Kirundi au Kihangaza?” aliuliza mama. “We mama naye, usiku utajua?” Siku moja jirani alimuuliza kwa sauti ya chini, “Na huyu mwarimu wako unamlisha, unajua alifanya nini huko kwao mpaka akakimbia?” Mama akajibu kwamba hajui, na kwamba huyo jirani naye hajui. Wakanywa. Mimi nilikuwa nachochea moto, na sikuona bado kwamba maneno yale yalikuwa yanasubiri kitu cha kushika.

Kati ya shule na vijiji vya ng'ambo palikuwa na mto, na juu ya mto daraja la kuning'inia: nyaya za chuma, mbao zilizopangwa juu yake, na waya mwingine kila upande wa kushika kwa mikono. Lilikuwa la zamani na lilicheza, lakini tulilizoea. Mwalimu Evaristi alipolisikia akafurahi kama mtoto, akatupeleka. Alitupanga ukingoni, akaenda peke yake mpaka katikati, akasimama, akaanza kukunja na kunyoosha magoti. Mwanzoni alikosea, na daraja halikumjali. Akapunguza kasi, akasikiliza kwa miguu, akapunguza tena. Na daraja likamwitikia. Mtu mwembamba vile, mwenye njaa vile, alilifanya daraja zima lipande na kushuka kama kifua cha mtu anayehema. Akaacha, akasimama wima ameshika waya, mpaka lilipotulia lenyewe. Tulipiga makofi. Ukingo wa pili akina mama waliokuwa wakifua walikuwa wamesimama wakitazama, na mzee mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akapiga kelele kwa Kihangaza kwamba daraja si la kuchezea. Mwalimu alimwamkia, “Shikamoo mzee,” na yule mzee hakuitika.

Kurudi, niliona Mwalimu amechutama mwisho wa daraja, upande wetu, akigusa chuma kinachobana waya kwenye nguzo. Aliposimama vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu. Tulipofika shuleni nilikuwa nimebeba boksi la chaki, nikamfuata nalo ofisini, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Alimwambia Mzee Rutabana kwamba waya unateleza kwenye kibanio chake, kwamba watu wakipita kwa kutembea hakuna neno, lakini wanafunzi wasikimbie mchakamchaka juu ya lile daraja, miguu yote pamoja, haifai, haifai kabisa. Mwalimu wa nidhamu, kijana mwenye kifua, alikuwa dirishani akachekea puani. “Mkimbizi anatufundisha kukimbia,” alisema. Mzee Rutabana akamkemea kwa macho, akamgeukia Mwalimu Evaristi: “Nimesikia, Mwalimu. Nitalisemea.” Nikaweka chaki mezani, nikatoka.

Mkuu wa wilaya alikuwa aje kukagua shule. Kwa siku kadhaa tulifyeka, tulipaka mawe chokaa, na mwalimu wa nidhamu akataka mchakamchaka wa kuonekana kutoka mbali, shule nzima kwa mistari, kutoka uwanjani kwetu kupita mtoni hadi ng'ambo na kurudi. Siku za mazoezi ya mwanzo tuliishia ukingoni. Asubuhi ile hatukuishia ukingoni.

Mvua ilikuwa imenyesha sana na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa mistari ya nyuma, mguu wangu ukiwa na kidonda. Domina alikuwa mbele kabisa, na sauti yake ilitufikia juu ya vichwa vyote, safi, ikianzisha, na sisi tukaitikia, na miguu ikaanguka pamoja. Nilipoona mstari wa kwanza umepanda kwenye mbao bila kupunguza mwendo, nilidhani mwalimu wa nidhamu atapiga filimbi. Hakupiga. Wa pili ukapanda, wa tatu. Niliona daraja linaanza. Ninalijua nililoliona, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kuliona: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi ya hapo, kila wimbi likilikuta lililotangulia. Nilipiga kelele, “Msiende pamoja! Achaneni hatua!” Waliokuwa kando yangu walifikiri naimba. Wale waliokuwa katikati, walipohisi mbao zinawainua, walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walikaza miguu, wakakanyaga kwa nguvu zaidi, wote kwa pamoja, ili wasianguke. Wimbo ukakatika. Waya wa upande wetu ukatoka kwenye chuma chake kwa mlio ambao sijawahi kuusikia tena, na daraja likageuka ubavu, likawamwaga.

Wengi waliokolewa, kwa sababu mto wetu si mpana na watu wa ng'ambo walikimbia na kamba na miti. Domina hakuokolewa, wala mvulana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa nyuma yake. Walimpata Domina chini kidogo, kwenye matete. Walipokuwa wanamlaza juu ya nyasi ndipo Mwalimu Evaristi alipofika, akitokea kambini kuja kazini kama siku zote. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti, akavua lile koti kubwa na kumfunika. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kichwa chini, akisema maneno kwa Kirundi ambayo wote tuliyaelewa: “Nilisema. Nilisema mimi.” Baadaye maneno hayo yalirudiwa nyumba kwa nyumba, na kila yaliporudiwa yalikuwa na maana nyingine.

Tulimzika Domina kesho yake. Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka jikoni kwao, moshi, wanawake wakimenya ndizi bila kutazama mikono yao, na mmoja wao akisema taratibu, “Mimi nilikuwa nafua siku ile. Nilimwona kwa macho yangu anarukaruka katikati ya daraja, analilegeza.” Mwingine akasema alimwona akishikashika vyuma. Hakuna aliyesema uongo. Ndilo jambo lililonikatisha tamaa tangu siku ile mpaka leo: hakuna hata mmoja jikoni mle aliyesema uongo. Mama yangu akaweka kisu chini akasema mwalimu alikuwa anawafundisha watoto. Wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyelishwa kitu.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwapo mtendaji wa kata, polisi mmoja, mwalimu wa nidhamu, wazazi wa marehemu wawili, na Mwalimu Evaristi akiwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, karibu na mlango. Nilibisha hodi, nikaomba kusema. Sikuitwa na mtu. Nilieleza yote: mawe kwenye kamba, mwendo wa kila kitu, miguu ya watu wengi ikianguka wakati mmoja, jinsi daraja linavyojumlisha. Nilisema daraja halikukatwa. Nilisema sisi ndio tuliolivunja, kwa kukimbia, na tusingelivunja kama tungetembea. Mtendaji alinisikiliza mpaka mwisho, hata akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

“Una akili, binti,” alisema. “Na haya yote nani alikufundisha?”

“Mwalimu Evaristi.”

“Kwa hiyo alijua namna ya kulivunja.”

Nikasema hapana, alijua kwamba linaweza kuvunjika, ndiyo maana alisema, alimwambia Mwalimu Mkuu tusikimbie, nilikuwapo, nilikuwa nimebeba chaki. Wote wakamgeukia Mzee Rutabana. Mwalimu Evaristi naye akamtazama. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kwa matumaini, na hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Mzee Rutabana alikuwa ameshika kalamu, akaifunika, akaifunua. “Watu wengi huniambia mambo mengi,” alisema. “Sikumbuki jambo hilo.” Mwalimu wa nidhamu akatazama dirishani.

Baba yake Domina, mzee mpole aliyenibatiza jina la utani nilipokuwa mdogo, akaniita karibu. “Mwanangu, usinifiche. Alijua?”

“Alijua, baba. Lakini—”

“Basi,” alisema. “Inatosha.”

Nilitolewa nje. Nikasimama barazani. Baada ya muda wakatoka naye, polisi akitangulia, na aliponipita Mwalimu Evaristi alisimama. Nilitegemea neno la mwisho, la kubeba maisha. Aliniambia tu, “Mguu wako usafishe kwa maji ya chumvi,” akaendelea.

Hakupelekwa mahakamani. Alikaa kituoni siku chache, kibali chake kikafutwa, kisha tukasikia amerudishwa kwao na gari lililokuwa likipeleka watu mpakani. Mama akanichukua tukaenda Lukole kumwona mkewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kambini. Nyumba zilikuwa za matope na miti, paa za turubai, zimepangwa mistari mpaka macho yachoke. Mkewe alitukaribisha kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa kitenge, akampisha mama kiti cha pekee, akatupa mahindi ya msaada yaliyochemshwa na maharage, na hakukubali tukatae. Binti yao mdogo alilala kwenye mkeka akiwa na homa. Ukutani kulikuwa na uzi na jiwe.

“Wameniambia ametaka kurudi mwenyewe,” yule mama alisema. “Ametia sahihi. Mimi najua mume wangu asingetaka. Kule wapo wanaomjua.”

Mama akamwambia pole, akamwambia sisi tunajua kwamba hakufanya. Yule mama akamshukuru kwa adabu, akatuongezea maharage. Niliona kwamba maneno yetu hayakumfaa kitu. Tulikuwa watu wawili, tena mwanamke na mwanafunzi, na tulikuwa tumekuja tumechelewa. Tulipoondoka alitusindikiza hadi mwisho wa mstari wa nyumba zao, na hapo akamuuliza mama, kana kwamba amekumbuka jambo dogo, “Koti lake. Mnajua liko wapi?” Mama akamwambia Domina alizikwa nalo. Yule mama akasema, “Ego,” yaani ndiyo, akarudi kwa mgonjwa wake.

Miezi ikapita. Mama alimtumia ndizi mara mbili, ya tatu zikarudi: nyumba ile ilikuwa na watu wengine. Mke wa Mwalimu alikuwa amemfuata mumewe. Muuza muhogo mmoja sokoni, Mrundi aliyekwenda kwao akakimbia tena, aliniambia kwamba yule mama alifika salama na mtoto. Nikamuuliza habari za Mwalimu. Alipanga mihogo yake upya, mikubwa juu. “Huyo hakufika,” alisema. Nikamuuliza hakufika wapi. Akaniuliza nanunua fungu gani.

Nilifanya mtihani wa taifa kwenye chumba kile cha buluu. Fizikia ya vitendo ilikuwa timazi: uzi, jiwe la chuma, saa. Mikono yangu ilifanya kazi bila mimi. Katika karatasi ya nadharia kulikuwa na swali lililotutaka tutoe mfano mmoja wa madhara ya kuitikia kwa vitu, kwa lile neno la Kiingereza. Niliandika kwamba watu wengi wakienda kwa hatua moja juu ya daraja linaloning'inia, wanaweza kulivunja. Jibu lilikuwa fupi. Waliokaa Dar es Salaam kusahihisha waliona ni sahihi, wakanipa alama zangu, na kwa alama hizo nikaenda kusomea uuguzi, kisha nikaletwa Biharamulo, ambako nimefanya kazi mpaka leo. Mzee Rutabana nilikutana naye mara mbili tatu hospitalini alipoanza kuugua presha. Aliniita “Sista Leokadia” kwa heshima, nami nilimwamkia, nikampima, nikaandika. Nilimsubiri. Nadhani naye aliona kwamba namsubiri, kwa sababu baadaye alianza kwenda kutibiwa kwingine.

Lakini mwaka ule, kwangu, uliishia siku niliyorudi shuleni kuchukua matokeo. Mzee Rutabana alifurahi, nadhani kwa kweli. Wanafunzi walikuwa mstarini, naye akanisimamisha mbele yao, akawaambia huyu dada yenu amefaulu fizikia, shule yetu haijafutika, akaniomba niwape neno la kuwatia moyo. Nilikuwa sijajiandaa. Niliwatazama wale wa kidato cha kwanza waliokuja baada ya yote, na sare zao zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Nikasema, “Aliyenifundisha fizikia ni Mwalimu Evaristi.” Nilitaka kuendelea. Mzee Rutabana akaanza kupiga makofi, walimu wakampokea, na mstari ukavunjwa.

Nilikuwa naelekea getini msichana mmoja mdogo mwenye fagio aliponifuata mbiombio. “Shikamoo dada. Huyo Mwalimu Evaristi anafundisha wapi sasa?” Kabla sijamjibu, mwenzake akamvuta mkono. “Wewe mgeni nini? Si yule mkimbizi aliyekata daraja.” Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kisimani. Nikaweka mfuko wangu chini. Nikawaambia, “Hapana, sikilizeni, halikukatwa. Kila kitu kinachoning'inia kina mwendo wake,” na nikaanza kutafuta kwa macho jiwe na uzi, chochote, ili niwaonyeshe. Kengele ikagongwa. Wakaniomba radhi kwa adabu, wote wawili, wakakimbia.